Dawa za Nyumbani (wote 14)

JUMAMOSI

Zuhura, 06:48
Habari za asubuhi. Leo tunamaliza suala la dawa. Kila mwenye mgonjwa ndani atume hapa jina la dawa lililoandikwa kwenye pakiti, nguvu yake kwa miligramu, mara ngapi kwa siku, kabla au baada ya kula. Sitaki "kile cheupe cha mviringo". Picha ya pakiti, pande zote mbili.

Zuhura, 07:35
Mmesoma watu 11. Mikono imekatika?

Mwanaidi, 07:52
Wifi, huku kwetu ni Imu, miaka 5, kilo 18. Amoksilini ya maji siku 7, na parasetamoli ya maji homa ikipanda. Parasetamoli nampa kijiko kimoja.

Nasra, 07:55
Kijiko gani mama? Na chupa imeandikwa 120 au 250?

Mwanaidi, 07:56
Kijiko cha chai. Chupa ngoja niangalie.

Nasra, 08:01
Vijiko vya jikoni havilingani, kimoja kinachukua mililita 3 kingine 6. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, lile lenye mistari. Mtoto anapewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo Imu ni 180 hadi 270 kwa dozi moja. Kama chupa ni 120 kwa mililita 5, mpe mililita 10. Kama ni 250 kwa mililita 5, mpe mililita 5 basi. Hapo ndipo watu wanapokosea: chupa ya zamani ilikuwa 120, wananunua ya 250 na kuendelea kutoa 10. Kati ya dozi na dozi yapite angalau saa 4, na zisizidi dozi 4 kwa siku nzima, mchana na usiku.

Nasra, 08:02
Na dawa ya mafua ya maji, kama ipo, soma kilichomo. Nyingi zina parasetamoli ndani. Ukizitoa pamoja umempa mara mbili.

Mwanaidi, 08:10
Ni 250. Dawa ya mafua nimeitoa kabatini.

Juma, 08:11
Imu akikua atakuwa mhasibu, miligramu zote hizo 😂

Zuhura, 08:12
Juma, wewe andika ya Salim. Inhela.

Juma, 08:40
Ana mbili, ya buluu na ya kahawia. Ya buluu anaipenda. Ya kahawia anasema haifanyi kitu.

Nasra, 08:44
Ya buluu inafungua kifua papo hapo. Ya kahawia inatuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, ndiyo maana hasikii kitu anapoivuta, na ndiyo maana inabidi aivute kila siku hata akiwa mzima. Akiacha ya kahawia, ya buluu ataihitaji mara kwa mara. Aitikise, atoe pumzi yote, avute polepole kupitia lile bomba la plastiki, ashikilie pumzi hadi sekunde 10 akiweza. Asubiri nusu dakika kabla ya mvuto wa pili. Baada ya ya kahawia asukutue mdomo na kutema, vinginevyo ulimi utapata utando mweupe.

Nasra, 08:46
Salim mwenyewe asome hili. Ya kahawia ikiwa na mivuto 200, na anavuta 2 asubuhi 2 jioni, siku 50 imekwisha. Itaendelea kutoa upepo na harufu lakini dawa hamna. Andika tarehe ya kuanza kwenye kopo kwa kalamu.

Zuhura, 09:03
Sasa Mama. Hamisi, picha.

Zuhura, 10:20
Hamisi.

Hamisi, 11:47
Nilikuwa barabarani dada. [picha 6]
Niliwaza tununue kile kisanduku cha vyumba 7, kila Jumapili mtu mmoja ajaze.

Juma, 11:48
Vyumba 7? Kimenizidi, mimi nina kimoja tu 😂😂

Mwanaidi, 11:49
😂😂 Juma jamani

Nasra, 11:53
Baba, picha ya pili na ya tano. Zivute zionekane maandishi madogo chini ya jina kubwa.

Juma, 11:54
Kisanduku kiwe na sitting room 😂

Hamisi, 11:56
Cha bei nafuu kinatosha. Swali ni nani anakijaza.

Zuhura, 11:58
Anayejaza awe mtu anayerudisha vitu. Maana lile sanduku la dawa za marehemu Baba mpaka leo sijaambiwa liko wapi.

Hamisi, 12:00
Dada usianze.

Zuhura, 12:01
Sijaanza. Nimeuliza tu, miaka yote hii.

Hamisi, 12:01
Nimekwisha jibu mara 100.

Nasra, 12:04
Jamani naomba mnisikilize. Picha ya pili na ya tano ni dawa moja. Majina makubwa ni ya viwanda viwili tofauti, maandishi madogo yote ni amlodipini, ya presha. Moja ya 5, moja ya 10. Bibi anameza zote?

Mwanaidi, 12:09
Anameza zote asubuhi. Ya 5 ni ya mwanzo, ya 10 alipewa alipoongezewa.

Nasra, 12:13
Ya 10 ilikuja badala ya ya 5, si juu yake. Kipimo cha juu kabisa cha siku ni 10, yeye anameza 15. Miguu imevimba vifundoni? Anapata kizunguzungu akisimama?

Mwanaidi, 12:15
Viatu vinambana jioni. Kizunguzungu hajasema.

Nasra, 12:22
Hivyo vifundo vinaweza kuwa ni amlodipini yenyewe. Ya 5 iondoeni leo. Mpimeni presha: akae dakika 5 ametulia, pima, asimame dakika 1, pima tena. Namba ya juu ikiwa chini ya 100, au akihisi kuzirai, mpigieni daktari leo leo, na kesho asimeze mpaka mzungumze naye. Akikosa pumzi au akianguka ni hospitali, msisubiri mtu kujibu hapa. Na msimpe ibuprofeni kwa magoti, inapandisha presha na kuzielemea figo, hasa anapomeza dawa ya kukojoza.

Nasra, 12:24
Metformini yake, ile ya sukari, ni ya XR. Mnampondea?

Mwanaidi, 12:26
Naponda, ni kubwa, inamkwama.

Nasra, 12:29
XR, SR, MR, herufi hizo zikiwepo kidonge hakipondwi wala hakitafunwi. Kimetengenezwa kiachie dawa polepole siku nzima. Ukikiponda inatoka yote kwa mkupuo. Mwulizeni daktari kama anaweza kumpa ile ya kawaida, hiyo inapondeka. Kwa sasa ameze amekaa wima, maji kidogo kwanza, kisha kidonge, kisha glasi nzima.

Zuhura, 12:35
Ahsante mwanangu. Ratiba hii hapa. Asubuhi saa 1: amlodipini ya 10 tu. Saa 2 usiku na chakula: metformini. Saa 3 usiku: furosemidi, ile ya kukojoza. Anayepinga aseme sasa.

Mwanaidi, 13:10
Bibi nimemsomea yote. Ameniambia niandike kama alivyosema, nisipunguze neno:

"Hiyo ya kukojoza mimi sijaimeza tangu mwezi uliopita. Naiweka chini ya mto. Mlinipangia saa tatu za usiku kwa sababu ndiyo saa mnayorudi nyumbani. Nikimeza usiku naamka mara nne, gizani, na hakuna wa kunishika mkono. Kila siku mnaniuliza kama nimemeza. Hakuna aliyeniuliza kwa nini simezi. Na habari ya sanduku la mume wangu nisiisikie tena kwenye simu hizi."

(13:10 hadi 15:32 hakuna ujumbe)

Hamisi, 15:32
Shikamoo Mama. Tumesikia.

Nasra, 15:40
Bibi yuko sahihi. Furosemidi inaanza kazi ndani ya saa moja na inaendelea saa 6 hivi. Kawaida humezwa asubuhi, mkojo uishe mchana. Lakini kwa kuwa ameiacha mwezi mzima, na presha hatujui, msiirudishe wenyewe. Daktari aambiwe ukweli huo kwanza, na mvifikishe vile vidonge vya chini ya mto, vihesabiwe.

Zuhura, 15:58
Nisamehe Mama. Ile saa niliiweka mimi.

Zuhura, 16:05
Anayempeleka Jumatatu ni nani? Abebe pakiti ZOTE kwenye mfuko mmoja, na za mafua na za mitishamba.

Mwanaidi, 16:30
Presha amekaa ni 118 kwa 70. Amesimama ni 104 kwa 64. Kichwa kimemzunguka kidogo akakaa.

Nasra, 16:33
Mpigieni daktari leo mumsomee hizo namba. Ainuke kwa awamu, akae ukingoni mwa kitanda kwanza, na taa ya njiani ikae imewashwa usiku.

Zuhura, 16:34
Hamisi, piga wewe. Na Jumatatu?

Hamisi, 17:20
Nimepiga, hajapokea. Najaribu tena. Jumatatu asubuhi nina kazi. Labda mchana. Juma?

Zuhura, 17:21
Labda si jibu.

Salim, 18:02
Shangazi shikamoo. Nimehesabu ya kahawia. Leo ni siku ya 61.