CG 125 inakata pumzi mlima wa Isyonje: laki nne inatosha kuipandisha hadi 150?

Mbeba Viazi, Uyole

Wakuu, heshima kwenu. Nina pikipiki ya Kichina ya 125, injini ya CG, ile ya pushirodi (vijiti vinavyosukuma vali). Nashusha viazi kutoka Kikondo mpaka Uyole, na kurudi napandisha mbolea au abiria. Shida iko Igawilo kwenda juu Isyonje. Nikiwa na mzigo gia ya tatu haishiki, narudi ya pili, na kabla ya kufika juu niko ya kwanza, injini inalia na harufu ya klachi inanifikia puani. Ikiwa mpya ilikuwa inapanda kwa ya tatu, japo kwa shida.

Nimetenga laki nne baada ya mavuno. Kuna fundi ameniambia dawa ni kuvalisha bloku (silinda) ya 150. Nimezunguka Mwanjelwa nikapewa bei hizi: bloku na pistoni na ringi 95,000, kabureta ya 150 elfu 45, seti ya cheni na spoketi 38,000, kuchonga kreti kesi (nyumba ya chini ya injini inayobeba bloku) 30,000, pleti na springi za klachi 25,000, gasketi 10,000, oili 12,000, ufundi 50,000. Hapo ni 305,000. Eksozi ya wazi 60,000, inakuwa 365,000.

Naomba mnisaidie kwa ukweli: hela hii itanipandisha ule mlima? Na kuna kitu nimekisahau kwenye hesabu? Hii pikipiki ndiyo inalipa ada za watoto, siwezi kuilaza gereji mwezi mzima.

Fundi wa Soweto, Mbeya

Kaka, nimesoma vizuri. Usinunue chochote wiki hii. Kabla ya kuongeza nguvu, tafuta kwanza ile iliyopotea imepotelea wapi.

Ya kwanza imechukuliwa na hewa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na Isyonje ni zaidi ya 2,000. Hewa ya hapa mjini ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 15, na huko Kikondo upungufu unapita asilimia 20. Injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa ndani) inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho, hata ikiwa mpya kutoka kwenye boksi. Hilo hakuna fundi wa kulirudisha bure. Ila lina mwenzake ambaye anarudishika: kabureta nyingi zimesetiwa kwa hewa nzito ya chini. Ukipanda nayo hukohuko, petroli inazidi hewa, plagi inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, injini inakoroma badala ya kuvuta, na mafuta yanaisha haraka. Fungua kabureta usome namba ya jeti kubwa, yaani kitundu kinachopitisha petroli. Kama ni 100, nunua 97 na 95, zote mbili. Anza na 97. Panda mlima, zima injini palepale juu ukiwa bado umevuta mkono wa mafuta, toa plagi uiangalie. Ukikuta rangi ya kahawia kama ya udongo, umefika. Bado nyeusi, weka 95.

Angalizo kubwa, na nalisema kwa sababu nimefungua injini nyingi zilizokufa hivi: kama unashuka Kyela kufuata mchele, jeti ndogo usishuke nayo. Kule ni kama mita 500 tu, hewa ni nzito, petroli itakuwa chache, pistoni itachemka na kukamata. Jeti ya zamani ikae kwenye mfuko wa zana.

Ya pili ni spoketi. Hesabu meno. Kama mbele ni 15 na nyuma ni 42, gawanya upate 2.8. Ukiweka 14 mbele unapata 3.0, yaani gurudumu la nyuma linapata msukumo zaidi kwa asilimia 7 katika kila gia, kwa spoketi ya kama elfu saba. Utapoteza mbio kiasi hichohicho kwenye lami tambarare. Wewe unayebeba lumbesa mbio hizo unazifanyia nini? Ila kama cheni na meno vimechakaa, badilisha seti nzima, maana spoketi mpya kwenye cheni iliyovutika haimalizi msimu.

Ya tatu, tepeti, yaani uwazi wa vali. Injini ikiwa ya baridi kabisa, asubuhi, weka milimita 0.08 kwa vali zote mbili. Tumia fila geji (vibamba vya kupimia uwazi), usikubali ya kuseti kwa kusikiliza mlio.

Ya nne ndiyo itaamua laki nne yako iende wapi: kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Tafuta fundi mwenye geji. Apime, kisha amwage oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi apime tena. Ikipanda sana, ringi au bloku imekwisha. Isipopanda, angalia vali. Lete majibu hapa ndipo tuzungumze habari ya 150.

Eksozi ya wazi ifute kwenye orodha. Kwenye injini hii inaongeza kelele, haiongezi kitu unachoweza kukihisi ukiwa na gunia nyuma.

Dada Spea, Mwanjelwa

Naunga mkono hapo juu, na naongeza upande wa dukani. Kaka, ukija kununua bloku usije na jina la pikipiki peke yake. Njoo na pistoni ya zamani mkononi na umwambie muuzaji atoe venia (kipimo cha kipenyo). Bloku za CG zinafanana kwa macho, lakini shingo inayoingia kwenye kreti kesi inatofautiana. Ya 150 mara nyingi shingo yake ni nene, ndiyo maana unaambiwa habari ya kuchonga. Ukishachonga kreti kesi, kurudi 125 kwa bloku yako ya zamani haiwezekani tena bila shida, na hilo wateja wengi hawaambiwi mapema.

Pitisha kidole ndani ya bloku. Uone mistari myembamba ya mshazari imepishana, hiyo ndiyo inashika oili. Ikiwa laini kama kioo, rudisha. Chukua ringi uisukume ndani ya bloku kwa pistoni ikae sawa, halafu pima uwazi wa ncha zake mbili. Ukikuta imegusana kabisa, usiondoke nayo. Ni dakika tano tu na muuzaji mzuri hakasiriki.

Kijana wa Ipogolo, Iringa

Mimi sikubaliani sana na kusubiri. Napandisha abiria Ipogolo kwenda mjini kutwa nzima na nilivalisha 150. Tofauti ipo, tena kubwa. Mlima niliokuwa napanda kwa ya pili sasa ni ya tatu bila kubadilisha. Kama hela ipo, avalishe.

Ila kuna mambo mawili ambayo hayapo kwenye hesabu yake. Breki ni zilezile za ngoma, na yeye anashuka na mzigo pia, si kupanda nao tu. Aweke breki shu mpya mbele na nyuma kabla ya kitu kingine chochote. La pili, kadi ya pikipiki imeandikwa ukubwa wa injini. Ukibadilisha, nenda TRA ukaulize utaratibu wa kurekebisha, na bima nao uwajulishe. Siku ya ajali ndiyo karatasi zinasomwa.

Fundi wa Soweto, Mbeya

Kijana, la breki umelisema vizuri na lilitakiwa kutoka kwangu. Kuhusu 150 sikatai kwamba inavuta. Hesabu yenyewe ni hii: CG 125 ina kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni 49.5, unapata cc 124. Ya 150 ni 62 kwa 49.5 ileile, unapata 149. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 20. Kwa hiyo kwa lugha ya huku kwetu, 150 Mbeya inafanya kazi karibu na 125 iliyoko Dar, inapita kidogo. Ni nyongeza ya maana, ila mtu asitegemee pikipiki nyingine. Ikiwa kabureta bado imezidisha petroli na tepeti zimekaza, sehemu ya hiyo nyongeza italiwa njiani.

Mbeba Viazi, Uyole

Wakuu, ndaga fijo (asanteni sana). Nimefanya mlivyosema. Jeti ilikuwa 100, sasa ni 97, na spoketi ya mbele nimeweka 14. Cheni bado nzima. Breki shu nimebadilisha zote mbili, chujio la hewa jipya, plagi mpya. Kila kitu hakikufika elfu hamsini.

Igawilo kwenda juu na mifuko miwili ya mbolea, gia ya pili inapanda mpaka mwisho, ya kwanza sijaigusa. Harufu ya klachi haipo. Plagi imeanza kuwa kahawia upande mmoja.

Kompresheni: fundi alipima ikawa chini, akaweka oili, sindano ikaruka juu. Na nikiangalia nyuma asubuhi kuna moshi wa bluu. Nafikiri jibu ni ringi. Sasa nichonge bloku yangu au niende 150? Imebaki laki tatu na nusu.

Fundi wa Soweto, Mbeya

Hapo sasa swali lako limekuwa la kweli, kwa sababu injini lazima ifunguliwe kwa vyovyote. Ujue kwamba kuchonga bloku na kuweka pistoni ya ovasaizi (nene kidogo kuliko ya mwanzo) hakuongezi nguvu. Hata ukifika ya mwisho, milimita 1.00, unapata cc 128 tu. Kunarudisha ile iliyokuwepo ikiwa mpya, basi. Kwa injini iliyochoka kama yako, hiyo peke yake utaihisi.

Ningekuwa na pikipiki yako, ningekwenda 150, kwa masharti. Krenki ipimwe kwanza. Shika konekting rodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), ivute juu na chini. Ukisikia mchezo wa juu na chini, hata kidogo, acha 150, kwa sababu pistoni nzito itaimaliza na utakuwa umetupa hela. Kutikisika kwa pembeni kidogo hakuna neno.

Sharti jingine ni kichwa, kile kifuniko cha juu ya bloku. Kichwa cha 125 kikikaa juu ya bloku ya 150 bila kubadilisha umbo la juu la pistoni wala chumba cha moto, mgandamizo unatoka kama 9 kwa 1 unaingia 10.6 kwa 1. Huku juu baridi na hewa nyepesi vitakufichia tatizo. Ukishuka Kyela na mzigo mchana, utasikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo, na hapo pistoni inatoboka. Kwa hiyo ulizia kichwa cha 150 chenyewe, au pistoni yenye bonde juu. Hicho ndicho ulichosahau kwenye orodha. Ile elfu 60 ya eksozi ihamishie hapo.

Kabureta ya 150 nunua, lakini jeti yake nayo isomwe upya, usiweke hiyo 97 kwa mazoea. Boksi la chujio libaki. Vumbi la njia ya Kikondo kiangazi likipata chujio la wazi, ringi mpya hazitaona masika.

Kazi yote ni siku mbili kama leti (mashine ya kuchonga) haina foleni. Panga katikati ya wiki, siku za mnada usiguse. Ikitoka gereji, kilomita 500 za kwanza beba nusu gunia, usiishikilie mafuta mwendo mmoja, na oili ya kwanza imwage mapema, kilomita 100 tu, uiangalie kwenye mwanga kama ina vipande vya chuma. Niandikie namba ya jeti utakayoikuta kwenye kabureta mpya.