Mchumba wangu anaongea na programu ya simu usiku, naombeni ushauri kabla ya ndoa

Binti wa Bahi:
Habari zenu wakuu. Nina miaka 29, mtumishi hapa Mtumba. Mchumba wangu ana 33, ni wakala wa miamala ya simu Nkuhungu. Kipato changu kinazidi chake, na sijawahi kumsimanga.

Mahari kwetu ni ng'ombe. Wazee walikubali sita watangulie. Wawili kati ya hao nilimwongezea hela mimi, wazee hawajui.

Tangu Pasaka analala saa nane usiku. Nikajua kuna mwanamke. Nikashika simu yake (nilikosea, najua), nikakuta ni programu ya akili mnemba. Kaipa jina la kike, inamwita mpenzi. Lakini kilichoniliza si hilo neno. Ameiambia kwamba wale ng'ombe wawili wanamnyima usingizi, anaona kama nimejioa mwenyewe. Mimi nikimuuliza ana nini, jibu ni "niko poa".

Harusi ni Septemba. Huu ni usaliti? Nitaolewa na mtu ambaye siri zake zote ziko kwenye simu?

Zabibu Tamu:
Dada, usaliti ni usaliti. Japani mwaka 2018 Akihiko Kondo alifunga harusi na Hatsune Miku, mwimbaji wa kompyuta asiye na mwili. Alikuwa akizungumza naye kupitia kifaa cha kampuni fulani; mwaka 2020 kampuni ikasitisha huduma hiyo, akawa hawezi tena kuzungumza naye. Mwambie mwenzio: huyo mpenzi ana mwenyewe, na anaweza kumzima siku yoyote.

Pikipiki ya Iyumbu:
Mimi nimeoa mke anayenizidi mshahara. Ukisema kijiweni kwamba mkeo ndiye kalipa kodi, unaitwa marioo. Baba yangu naye sikuwahi kumsikia akimwambia mama kwamba jambo limemshinda, sasa ningejifunzia wapi? Nilikuwa nazunguka na pikipiki mpaka usiku ilimradi nisiingie ndani mapema. Huyo jamaa amepata kitu kisichomcheka. Simtetei kuficha, ila usimchukulie kama mzinzi. Ana aibu.

Mama Kongwa:
Mwanangu, enzi zetu sisi wanawake ndio tulioonekana hatuchangii kitu. Ilibidi Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed, itamke kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya wanandoa. Sasa mizani inageuka, vijana wa kiume ndio wanajiona mikono mitupu. Kama sisi tulihesabiwa kwa kisichokuwa fedha, na yeye mhesabie. Anakufanyia nini? Na hao ng'ombe wawili wasitajwe mbele ya wajomba, kamwe.

Binti wa Bahi:
Shikamoo mama. Nimesoma swali lako nikakaa kimya muda mrefu. Mama yangu alipolazwa nikiwa safari ya kikazi, yeye ndiye aliyempelekea uji asubuhi na jioni siku nane, anafunga kibanda anakwenda. Nilimwambia asante tu, kwa ujumbe.

Jumamosi tunakwenda Bahi kuwaona wazee. Nitamwambia njiani. Na la simu yake nitamwambia pia.