Mwizi wa mawese kupewa kifungo cha nje, ni adhabu hiyo?

Mchikichi_Mwandiga:
Wakuu, kijana katiwa hatiani kwa kuiba madumu 2 ya mawese. Hakimu kampa kifungo cha nje miezi 6, afanye usafi zahanati. Mwenye mali hajarudishiwa hata lita moja. Wazee huku Kigoma wanauliza: siku hizi sheria inamwadhibu mtu ili iweje?

Msaidizi wa Kisheria:
Lengo limehama, ndugu. Mjerumani alitandika viboko 25, ile "hamsa ishirini", watu waogope. Hata baada ya uhuru, sheria ya kima cha chini cha adhabu ya 1963 iliweka viboko 24 kwa baadhi ya makosa: 12 mfungwa akiingia, 12 akitoka. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, ambayo ndiyo ya kifungo cha nje kama hiki, inataka mkosaji arekebike akiwa kwao, huku akiilipa jamii kwa jasho. Inahusu kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, au kubwa zaidi iwapo hakimu ameona miaka 3 au pungufu inatosha. Mkosaji lazima akubali, na afisa probesheni (anayesimamia wakosaji wanaotumikia adhabu nje ya gereza) huchunguza kwanza makazi yake, familia na mwenendo.

Panapoharibika ni kwenye usimamizi. Daftari la mahudhurio likisainiwa Ijumaa kwa wiki nzima, hapo hakuna adhabu tena, na wazee wana haki ya kukasirika. Lisainiwe kila siku, kazi iliyofanyika iandikwe. Akitoroka, afisa probesheni aambiwe mara moja ili arudishwe mahakamani. Anaweza kuishia gerezani.

Kalamu ya Ujiji:
Naongezea la mwenye mali, maana yeye ndiye anayesahaulika na inauma. Kifungo cha nje hakizuii fidia. Hakimu anaweza kuamuru vyote viwili. Tatizo ni ushahidi. Shahidi anasema "mawese yangu yameibwa" anaishia hapo, hakimu atakadiria nini? Ataje dumu ni la lita ngapi, lilikuwa limejaa au nusu, na bei ya sokoni wakati ule. Kisha amkumbushe mwendesha mashtaka aombe fidia kabla adhabu haijatolewa. Muda ukiwa umepita, bado anaweza kufungua madai Mahakama ya Mwanzo.

Mchikichi_Mwandiga:
Shukrani. Na angeiba mbuzi?

Msaidizi wa Kisheria:
Hapo ni habari nyingine. Wizi wa mifugo umo kwenye sheria ya kima cha chini ya 1972, iliyorithi ile ya 1963. Hakimu hana uhuru mpana namna hii.