Tamthilia inaporudiwa kwenye televisheni, mwigizaji alipwe tena au malipo ya kwanza yametosha?

Mleta mada, Lindi Mjini

Ndugu zangu wa Kusini, naomba tuijadili hoja hii kwa utulivu, kwa kuwa inamgusa mtu wa kwetu. Said Ngamba, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Mzee Small, alizaliwa Kilwa mwaka 1955 na akafariki dunia Juni 2014 baada ya kuugua kiharusi. Katika kipindi chote cha ugonjwa wake mimi niliendelea kuviangalia vichekesho vyake nyumbani pamoja na mama yangu, aliyekuwa akicheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na hata siku moja hatukujiuliza kama yule mzee aliyelala kitandani anapata chochote kutokana na kicheko chetu. Swali hilo lilinijia siku niliyosikia taarifa ya msiba, na halijaniacha tangu hapo.

Miaka minne baadaye lilirudi kwa mwingine. Amri Athumani, yaani King Majuto, mzaliwa wa Tanga mwaka 1948, alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Alikuwa ameigiza tangu utotoni, na uso wake ulitumika katika matangazo ya biashara ambayo kila mwenye televisheni aliyajua, lakini alipougua wananchi walichangishana kwa ajili ya matibabu yake. Ugonjwa ule ndio uliofanya mikataba yake izungumzwe hadharani, hadi waziri aliyesimamia sanaa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii.

Msimamo wangu ni huu: kila mara kituo kinaporudia tamthilia au kichekesho, waliocheza walipwe sehemu ya kile kinachoingia. Mikataba niliyoonyeshwa na vijana wa kwetu waliokwenda kuigiza Dar es Salaam humlipa mtu kwa siku za kurekodi, kisha mstari mmoja wa mwisho humkabidhi mtayarishaji haki zote, kwa muda wote, kwa njia zote za urushaji. Kijana anayesaini huwa hajui kwamba mstari huo ni mzito kuliko kurasa zote zilizoutangulia.

Sisi wa korosho hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwetu mwaka 2007, tulizoea kupokea malipo ya awali mzigo unapoingia ghalani, kisha malipo ya pili baada ya mnada, na chama cha ushirika kikibaki na ziada tukapata majaliwa, yaani mgawo wa ziada hiyo. Hakuna aliyemwambia mkulima kwamba ana tamaa kwa kuuliza malipo ya pili yako wapi. Kwa nini mwigizaji akiuliza swali hilohilo anaonekana msumbufu?

Mchangiaji, Mikindani

Kaka mleta mada, nimekuelewa, na Mzee Small nilimpenda kama ulivyompenda wewe. Ila nimefanya kazi ya utayarishaji Dar es Salaam kwa miaka tisa kabla ya kurudi nyumbani, na naomba unisikilize kutoka upande wa pili wa kamera.

Mfano wako wa korosho haukai sawasawa. Malipo ya pili yalikuwa sehemu ya bei ya gunia lilelile, lililouzwa mara moja, na mkulima aliyasubiri kwa sababu hakuwa amelipwa bei kamili. Mfano unaofaa ni shamba lenyewe. Mimi ndiye niliyepanda mikorosho, nikangoja miaka mitatu bila kuona punje, nikanunua salfa na kumlipa kibarua wa palizi siku aliyomaliza kazi. Mikorosho ikizaa msimu wa kumi, yule aliyepalilia msimu wa kwanza hawezi kuja kudai fungu. Alifanya kazi, akalipwa, tukaagana kwa heri.

Ninalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa niliwahi kuuza vipindi 13 kwa kituo kimoja nikalipwa baada ya miezi saba, ilhali waigizaji nilikuwa nimeshawalipa siku ya mwisho ya kurekodi kwa fedha ya kiwanja nilichouza. Tamthilia ile ingekosa mnunuzi, hakuna mwigizaji ambaye angenirudishia hata nauli. Anayebeba hasara ndiye anayestahili faida. Tena kituo kiliporudia vipindi vile hakikunilipa na mimi, kwa sababu nilikiuzia jumla. Sasa huyo mwigizaji nimlipe kutoka mfuko gani?

Mchangiaji, Masasi

Mimi si mtu wa sanaa, nina duka la vifaa vya ujenzi, lakini kuna jambo ambalo ndugu wa Mikindani hakuligusa. Binti wa dada yangu aliigiza mke mkorofi katika tamthilia moja kwa misimu miwili. Alipokuja Masasi kwenye harusi, wanawake sokoni walimwita kwa jina la mhusika, na mama mmoja alikataa kabisa kumuuzia mchicha kwa vile alivyomtesa mkwewe kwenye televisheni. Tulicheka siku ile. Baadaye binti akatueleza kwamba kila anapokwenda kuomba kazi nyingine huambiwa watazamaji wamemzoea mno, kwamba sura yake bado iko hewani, asubiri. Iko hewani kwa sababu kituo kinarudia kazi yake ya zamani asubuhi na usiku.

Kwa hiyo marudio hayamnyimi fedha za jana peke yake, yanamzuia asipate kazi ya kesho. Kibarua wa palizi akimaliza shamba lako huenda shamba la jirani siku hiyohiyo, na jirani hamkatai kwa kuwa palizi aliyokufanyia wewe bado inaonekana.

Mleta mada, Lindi Mjini

Nimshukuru mjomba wa Masasi, kwa kuwa amelisema vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Nami niongeze la kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 haimweki mwigizaji kundi moja na kibarua. Imempa jina lake, mwenye hakishiriki, pamoja na mtayarishaji wa rekodi za sauti na kituo cha utangazaji, kwa maana kwamba uigizaji wake ni mali inayotambulika hata kama hadithi iliandikwa na mtu mwingine. Ukimwondoa kibarua shambani, mkorosho unabaki na korosho zake. Ukimwondoa Majuto kwenye kichekesho cha Majuto, unabaki na kiti na ukuta.

Kuhusu hasara nakubaliana nawe, kaka, na sitaki mtayarishaji aliyeuza kiwanja chake abebeshwe mzigo mwingine. Fedha ya marudio itoke kwa anayerudia, yaani kituo, nawe mtayarishaji upate fungu lako humohumo. Wewe na mwigizaji mmedhulumiwa na mstari mmoja wa mkataba, ila mmezoea kulaumiana ninyi kwa ninyi kwa sababu ndio mnaoonana ana kwa ana. Wanamuziki wamekwisha kufika mahali: mwaka 2022 COSOTA, taasisi ya serikali inayosimamia hakimiliki, iliwagawia mirabaha iliyotokana na nyimbo zao kupigwa kwenye vyombo vya habari. Sioni kwa nini wimbo uhesabiwe na uigizaji usihesabiwe.

Mwalimu, Newala

Ndugu zangu, naomba nilete mfano wa mbali kidogo, kwa kuwa nauona unatufaa. Waigizaji wa filamu wa Marekani waligoma Machi na Aprili 1960, chama chao kikiongozwa na Ronald Reagan, yule aliyekuja kuwa Rais wa nchi hiyo, wakidai malipo filamu zao zinapoonyeshwa kwenye televisheni. Hawakupata yote. Waliachia madai ya filamu za miaka ya nyuma, na badala yake studio zikatoa fedha za kuanzisha mfuko wa afya na pensheni wa waigizaji. Malipo ya marudio yakahusu kazi za kuanzia mwaka ule. Wapo wakongwe waliolalamika kwamba wamesahauliwa, na malalamiko yao yalikuwa na haki. Hata hivyo mfuko ulisimama imara.

Ninaloliona kwa hawa wazee wetu wawili ni kwamba kilichowaumiza zaidi kilikuwa ni kuugua bila kinga. Mwigizaji hana mwajiri wa kudumu wa kumkatia michango, leo yuko kwa mtayarishaji huyu na kesho kwa yule. Malipo ya marudio yakigawanywa kwa mtu mmojammoja huenda kila mmoja akapata fedha ya vocha, hasa waliocheza nafasi ndogo. Yakikusanywa pamoja, yakamlipia bima ya afya na mchango wa uzeeni, yatamkuta siku anayoyahitaji. Mleta mada naomba ulifikirie hili, kwa sababu mama yako alicheka akiwa mzima, na Mzee Small alihitaji msaada akiwa hawezi hata kusimama.

Mchangiaji, Mikindani

Mwalimu, hapo umenigusa, na ninapunguza ukali wangu. Mwaka wa kwanza kituo kirushe na kurudia kitakavyo kwa bei iliyonunuliwa, ili mnunuzi asiogope kununua. Baada ya mwaka huo kila marudio yalipiwe, na fungu la waigizaji liende kwenye mfuko kama ulivyosema. Mkataba wa namna hiyo ningeusaini. Ninachokwama ni hesabu. Vituo ni vingi, vingine vinarusha saa 24, na tamthilia hurudiwa saa tisa usiku wakati sisi wote tumelala. Nani atakesha kuandika?

Mleta mada, Lindi Mjini

Hakuna haja ya mtu kukesha, kaka. Wewe umefanya kazi huko na unajua kwamba kampuni inayolipia tangazo la sabuni kurushwa mara 40 hailipi mpaka ipewe karatasi inayoonyesha tarehe, saa na dakika tangazo liliporuka. Kituo kinatunza kumbukumbu hiyo kwa sekunde, usiku na mchana, kwa sababu bila hiyo hakilipwi. Tamthilia iliyolizunguka tangazo lile ipo katika kumbukumbu hiyohiyo, mstari wa juu yake na mstari wa chini yake. Tunachoomba ni nakala ya ukurasa ambao tayari umeandikwa.

Na kwa mwalimu: ninakubali mfuko, ila kwa sharti kwamba wazee ambao kazi zao zilirekodiwa zamani, kabla ya mkataba mpya, waingizwe tangu siku ya kwanza. Hao wa Marekani waliwaacha wakongwe wao nje ya malipo ya marudio. Sisi tusianze kwa kuwaacha wetu.