Kokoto juu ya mawe ya Wassu: ziachwe au zipigwe marufuku?

Wakuu, kila yakitajwa maduara ya mawe ya Wassu kule Gambia, ubishi ni uleule. Mgeni akifika huokota kokoto, akaiweka juu ya nguzo huku akinuia jambo lake. Wapo wanaotaka mila hiyo ikomeshwe, kamba izungushwe, watu watazame kwa mbali. Mimi napinga.

Yale ni mawe ya laterite, ndugu wa moramu tunayomwaga barabarani, yamechongwa yakawa nguzo, nyingine zinampita mtu mzima kimo. Yamesimama penye makaburi. Kandokando ya mto Gambia, hadi ndani ya Senegal, kuna ukanda wa kilomita 350 wenye kumbukumbu zaidi ya 1,000 za namna hiyo. Mwaka 2006 UNESCO iliorodhesha sehemu nne: Wassu, Kerr Batch, Wanar na Sine Ngayène.

Tazama picha za Wassu: kokoto zimepandana juu ya nguzo, nyingine zimekaa ukingoni. Sawa, zinasugua nguzo. Lakini jiwe linaloombewa dua nani atathubutu kulibeba akajengee msingi wa nyumba? Kupanda juu ya nguzo na kuchonga majina, hayo yapigwe marufuku hata leo. Kokoto mtunza eneo azipunguze zikizidi, basi.

Mchangiaji: Mleta mada, kwa heshima zote, hapo umeteleza. Stonehenge, duara la mawe ya kale kule Uingereza, watu walizuiwa kuingia kati mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kuwa miguu ilikuwa inaila ardhi. Hapa kwetu Tanzania nyayo za watu wa kale za Laetoli zimefukiwa, mgeni anaoneshwa nakala. Mbona hatulalamiki?

Mleta mada: Mkuu, nyayo zile ziko kwenye majivu ya volkano, mvua na mizizi ya miti ingezimaliza. Laterite huwa laini ikichimbwa, ikikaa hewani inakaza. Halafu magofu ya Kaole, pale Bagamoyo, watu bado wanaomba dua kwenye kaburi la Sharifa. Nani kawafukuza?

Mchangiaji mwingine: Nyote mnagombania kokoto. Watalii wengi wa Gambia wanaishia ufukweni, na Wassu iko bara, saa kadhaa kutoka Banjul, mji mkuu. Noti yao ya dalasi 50 imewahi kubeba picha ya mawe hayo. Sasa mniambie, mlinzi wa pale analipwa na nani, na viingilio vinabaki kijijini au vinapanda gari kwenda mjini?