Tupeane uzoefu: kelele za barabara na muziki wa gari huku kwetu Malindi

Kasa Mkavu:
Hamjambo wote. Uzi huu nimeufungua kwa sababu watu wananiuliza ampli (kile kiboksi cha kukuza sauti) ipi nzuri, nami nikiwauliza gari likifika kilomita 80 kwa saa na redio imezimwa wanasikia nini, hawana jibu. Wengi wetu tunaendesha Probox, Fielder, Wish na Noah za kutoka Japani. Bati ni jembamba, raba za milango zimekaushwa na jua, na tairi tumefunga zile mfuko uliruhusu. Tukishika lami kuelekea Gede tunaongeza sauti ili kuishinda kelele, spika zinaanza kukwaruza, halafu lawama zote kwa spika.

Msimamo wangu nausema mapema. Pesa ya kwanza iende kwenye kelele, ya pili kwenye spika za mlango wa mbele, sabufa (spika kubwa ya besi) na ampli kubwa zije mwisho. Ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu, na sikio linataka kama desibeli 10 ndipo likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili. Kushindana na barabara kwa wati ni kutupa pesa.

Langu ni Probox. Nilianza na mlango wa dereva. Unang'oa paneli, unakuta nailoni imebandikwa kwa gundi nyeusi, nyuma yake bati tupu. Gonga bati la nje kwa kifundo cha kidole, linaita "ngaa" na mlio unabaki hewani. Nikalipangusa kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikabandika vipande vya butili, ile raba nzito inayonata, vyenye karatasi ya alumini juu, nikavikandamiza kwa rola ndogo mpaka zile alama za juu ya alumini zikalala kabisa. Gonga tena: "tu". Basi. Na si lazima ufunike bati lote. Robo ya eneo ikibandikwa katikati ya kila sehemu bapa inatosha kuua ule mlio, kinachozidi hapo ni uzito na gharama.

Lakini kilichonishangaza si kelele, ni besi. Bati la ndani la mlango lina matundu makubwa ya fundi kupitishia mkono. Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta, na ile hewa ya nyuma inapita kwenye matundu kuja kuifuta ya mbele. Nilipoyaziba, spika zilezile za inchi 6.5 zikatoa ngoma ya mwanzele iliyokuwa haisikiki hata kidogo. Sikununua kitu kingine.

Mambo mawili ya huku kwetu. Vitundu vya chini ya mlango msivizibe. Maji ya mvua yanayopita kwenye kioo hutokea hapo, ukiziba yanakaa ndani, na kwa hewa hii ya chumvi mlango utaoza kutoka ndani huku rangi ya nje inang'aa. La pili, karatasi za lami za kuezekea paa muachie paa. Ni rahisi, zinashika vizuri asubuhi, lakini gari likishinda juani zinalainika, zinateleza, na harufu yake haitoki.

Leteni yenu. Gari gani, ulifanya nini, kilibadilika nini. Picha za taa za rangi pelekeni kwingine.

Mwalimu wa Gongoni:
Mimi si mtu wa spika, nataka tu kusikiliza taarifa ya habari bila kupiga kelele na mtoto wa nyuma. Ninaendesha Fielder, kila siku ya shule navuka daraja la Sabaki. Gari lilikuwa likivuma, uvumi mzito unaopanda na mwendo. Nikaambiwa nijaze mikeka ya kuzuia sauti sakafu nzima. Kabla sijatoa hela nikampitia fundi wa tairi aliye njiani, mzee mmoja mtaratibu. Akapitisha kiganja juu ya tairi, akapitisha tena kurudi nyuma, akaniambia nami nifanye hivyo. Upande mmoja kiganja kinateleza, upande wa pili kinakwaruzwa kama kwa msumeno. Tairi zilikuwa zimeliwa kwa meno. Akasema tazama shokabsoba na alaimenti (mnyooko wa magurudumu) kwanza, la sivyo hata mpya zitaliwa vilevile.

Nikafanya alivyosema, nikabadilisha tairi, na upepo nikajaza kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango, si kwa kukisia kama tulivyozoea. Uvumi umekwisha zaidi ya nusu. Mikeka sijanunua mpaka leo.

Beringi Moto:
Mwalimu umesema kweli, na mzee huyo apewe chai. Naongeza moja kwa sababu naiona gereji kila mara. Uvumi wa tairi na uvumi wa beringi unafanana sana. Ukiwa sehemu salama, peleka gari mwendo wa kati kisha liyumbishe kidogo kushoto na kulia. Ukikata kulia uzito unahamia magurudumu ya kushoto. Uvumi ukizidi hapo, shuku beringi ya kushoto. Usipobadilika popote, rudi kwenye tairi. Na beringi si jambo la muziki, ni jambo la gurudumu kubaki kwenye gari.

Tairi zilizotoka Ulaya zina lebo yenye alama ya spika na desibeli. Hiyo ni kelele inayopimwa nje, gari likipita. Inasaidia kulinganisha, ila haikwambii ndani kutakuwaje.

Tuktuk Bluu:
Nyinyi mna milango ya kubandika vitu. Sisi je?

Nawaambia nilichojifunza, maana watu wa tuktuk tunachekwa sana. Kelele hauiui, injini iko chini ya abiria na kuta hakuna. Kwa hiyo nimeacha kukimbiza besi. Gari lililofungwa vioo huisaidia besi ya chini kwa sababu hewa imebanwa ndani. Kwangu hewa inakwenda zake baharini. Watu wanaweka sabufa kubwa nyuma ya kiti, inakula betri na abiria hasikii chochote ila kutetemeka makalio. Mimi nina spika mbili za kawaida, nimezielekeza usawa wa masikio, si miguuni. Maneno ya wimbo yanasikika, mtalii anaitika, mama wa sokoni anaitika. Sauti ikimkera abiria napunguza kabla hajasema, hapo ndipo namba ya simu inapoombwa.

Shekhe wa Mokowe:
Sisi Lamu raha yetu mnaijua, kisiwani zaidi ni miguu, punda na mashua. Gari linabaki ng'ambo Mokowe. Ndiko nilikopatia adhabu. Nilifungiwa ampli na fundi mmoja, muziki safi kabisa. Nikapanda boti, nikakaa kisiwani siku kadhaa, kurudi betri imekufa. Nikaichaji, nikaondoka tena, kurudi imekufa. Nikaambiwa betri mbovu, nikanunua mpya. Ikafa nayo.

Mwisho mpwa wangu akaweka mkono juu ya ampli, gari limezimwa tangu saa nyingi, ampli ina joto. Ule waya mwembamba wa kuiamsha ulikuwa umeunganishwa moja kwa moja na chanya ya betri. Haikuwahi kulala tangu siku ya kwanza.

Kasa Mkavu:
Pole sana shekhe, na betri hiyo ulinunua bure. Waya wa kuiamsha unatoka kwenye redio, kwa kawaida ule wa buluu wenye mstari mweupe, ili redio ikizimwa ampli nayo ilale. Kipimo cha mpwa wako kila mtu anaweza kukifanya usiku huu huu.

Ukiwa huko kwenye boneti tazama pia fyuzi ya waya mkubwa. Iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi. Fyuzi hiyo hailindi ampli, inalinda waya. Nimeona waya umepitishwa kwenye tundu la bati bila raba, bati likaukata ganda taratibu kwa mitikisiko ya matuta yetu. Pasipo fyuzi hapo, ni moto. Na pale Mokowe au Mambrui, popote chumvi ilipo, nyaya za alumini zilizopakwa shaba zinaoza haraka kwenye viungo. Shaba tupu ni ghali, ndiyo, lakini hutairudia kazi. Vichwa vya betri vipake grisi.

Mpenda Mwanzele:
Mimi nije na swali la watu wote: hizi ampli zilizoandikwa wati 1000 kwenye boksi. Nilikuwa nayo. Nikafungua kitabu, nikatazama fyuzi yake: ampea 20. Gari likiwa linanguruma umeme ni kama volti 13.8. Zidisha, unapata wati 276 zinazoingia. Zinazoingia! Sehemu yake inageuka joto, na kwa ampli za aina ile ya zamani ya daraja AB karibu nusu inaweza kwenda hivyo. Hizo 1000 zimetoka wapi? Tangu hapo siangalii boksi, naangalia fyuzi, halafu natafuta palipoandikwa RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo.

Jambo la pili, ule mluzi unaopanda na kushuka na mguu wa mafuta. Wengi wananunua kichujio. Kwangu dawa ilikuwa ni kukwangua rangi pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, bati likabaki jeupe, nikakaza, na nyaya za sauti nikazihamishia upande mwingine wa gari mbali na waya wa betri. Mluzi kwisha.

Mama Noah:
Mimi ninabeba watu wa harusi na madrasa, Noah. Kasa anazungumzia milango ya Probox, hebu afunge mlango wa kusukuma wa Noah asikie. Kelele yangu ilikuwa ni upepo, hasa kusi ikivuma. Nilifundishwa kipimo cha noti: weka noti kwenye ukingo, funga mlango, ivute. Ikitoka kwa taabu raba nzima, ikiteleza tu hapo ndipo upepo unapoingilia. Mlango wa kushoto noti ilitoka kama hakuna kitu. Raba mpya ya mlango mmoja ilinipa utulivu kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuweka.

Sasa swali. Shemeji yangu ana makumbi tele shambani, anasema tutandike chini ya zulia la gari, sauti itakufa na hela tutabakiza. Nyuzi za nazi si zinazuia sauti?

Kasa Mkavu:
Mamangu, zinanyonya sauti kweli, na magari mengi yanatoka kiwandani na manyoya ya nguo zilizosagwa chini ya zulia, kwa hiyo shemeji hajawaza vibaya. Taabu ni maji. Abiria wa harusi wakishuka na miguu ya mvua, makumbi yatakaa mabichi chini ya zulia wiki nzima, na chini yake ni bati. Tumia sponji ya vitundu vilivyofungwa, ile isiyonyonya maji, hata ile ya mikeka ya mazoezi. Isipokuwa karibu na ekzosi, pale joto litaiyeyusha.

Na kwa Noah anza juu ya magurudumu ya nyuma. Ndani ya buti pale, chini ya plastiki, ni bati tupu na mawe yote ya barabara ya Marafa yanagonga hapo.

Kijana wa Ngala:
Wazee mnataka kulala garini au kusikiliza muziki? Mimi nataka watu wa Casuarina wajue nimefika.

Beringi Moto:
Watajua, maana bati lako la namba linalia kuliko sabufa. Nimelisikia.

Kasa Mkavu:
Kijana, weka kipande cha sponji nyuma ya bati la namba na kingine chini ya trei ya nyuma, utashangaa besi ilivyokuwa imefichwa na makelele ya plastiki. Hilo la Casuarina ujue kuna kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za kelele tangu 2009, na hoteli za huko hazichelewi kupiga simu. Na vioo vikiwa juu sauti ikizidi husikii honi ya basi la Mombasa lililo nyuma yako.

Mwalimu wa Gongoni:
Kuna moja mmeisahau. Redio iliyokuja na gari kutoka Japani inaishia megahezi 90. Kule FM yao ilianzia 76 mpaka 90, yetu ni 87.5 mpaka 108. Mimi nilifungiwa kile kiboksi cha kuhamisha mawimbi, kila stesheni inasoma namba isiyo yake na sauti ina mchanga. Nilipobadilisha redio yenyewe, hata spika nikaziona mpya.

Kasa Mkavu:
Kweli kabisa mwalimu. Kiboksi ni cha kuvukia tu, redio ni kitu cha kununua mapema.

Kijana wa Ngala:
Haya nimekubali, naanza na milango. Ila aliyeniuzia gari alibandika zile karatasi za lami mnazozikataa. Zimeshuka zote mpaka chini, zinanata, spana inatoka nyeusi. Natoaje?

Kasa Mkavu:
Zipoze. Usiku, gari halina joto la jua, mfuko wa barafu uweke juu ya lami mpaka iwe ngumu, kisha gonga na ubandue kwa kipande cha plastiki ngumu, bisibisi itakukwangulia rangi na kutu itaanzia hapo. Masalio futa kwa mafuta ya taa, halafu sabuni, halafu spiriti, maana butili haishiki juu ya mafuta. Vitundu vya chini vichokonoe kwa waya mpaka uone vinapitisha maji. Barafu nenda kwa wauza samaki asubuhi wakifunga hesabu, wanakupa rahisi.

Beringi Moto:
Mfuko uwe mzima usiovuja. Mteja wangu aliletewa barafu iliyokwisha kulaliwa na papa, gari zima wakapanda paka.