IST haichaji baada ya kubadili betri mwenyewe: ninunue alteneta ya mtumba?

Kijana_Uyole: Wakuu, habari za jioni. Nina IST, injini 1NZ. Juzi nimebadili betri mwenyewe, kazi ya spana namba 10 tu. Tangu hapo alama ya betri kwenye dashibodi haizimi. Gari inawaka, ila usiku taa zinafifia taratibu, na asubuhi betri imekata kabisa. Nimepata alteneta, ile mashine ya kuchaji betri, ya mtumba Mwanjelwa. Niichukue, au nibadilishe kaboni, vile vipande vinavyosugua ndani, kwenye ya zamani? Jumamosi lazima nifike Tukuyu.

Pareto_Mporoto: Betri ya ukubwa gani? NS40, ile ndogo, kwa baridi ya Uyole ya mwezi wa saba ni uonevu. Weka NS60 kama kitako kinaipokea.

Waya_Mwekundu: Ukubwa wa betri tuuache. Injini ikiunguruma, mita inasoma volti ngapi kwenye betri? Gari inayochaji inatoa 13.8 hadi 14.5.

Kijana_Uyole: 12.1, na inashuka.

Waya_Mwekundu: Haichaji. Zima injini. Ncha nyekundu ya mita weka kwenye nati ya kebo nene nyuma ya alteneta, nyeusi kwenye hasi ya betri. Inatakiwa isome sawa na betri. Ikisoma sifuri, fyuzi kubwa ya alteneta imekatika, na hata ufunge alteneta mpya haitachaji. Halafu jibu hili: siku ile uligeuza chanya na hasi?

Kijana_Uyole: Inasoma 12.1, kwa hiyo njia iko sawa. Turudi kwenye alteneta jamani, nusu ya hela nimeshatoa.

MamaViazi_Isyonje: Mwanangu, swali hujalijibu.

Kijana_Uyole: Sawa mama. Ziligusana kinyume sekunde moja, cheche ikaruka. Fyuzi ikakatika, nikaweka waya. Ni waya za umeme wa nyumba, shaba safi, nimesokota tatu, haupati moto. Kinachonishangaza, leo alfajiri alteneta ilikuwa ya uvuguvugu na gari imelala nje tangu saa mbili usiku.

Ndizi_Kiwira: Hapo sasa ni chai. Sakitu iko kwenye vioo, chuma kiwe cha uvuguvugu bila injini? Tena mtu anayejua kushika mita ageuze betri? Unatunga upate wachangiaji.

Pareto_Mporoto: Nami nilianza kuionja sukari.

Waya_Mwekundu: Huo uvuguvugu ndio unaonifanya nimwamini, maana mtunzi asingeuwaza. Ndani ya alteneta kuna dayodi zinazoruhusu umeme uende upande mmoja tu. Ukigeuza betri, zote zinafunguka na umeme unapita kama maji ya mfereji. Fyuzi inakatika, ila dayodi inaweza kuwa imeshaungua na inavujisha. Fyuzi ikiwa imekatika, angalau betri haivuji kupitia hapo. Waya wako umelifungua tena bomba. Chukulia inavuja ampea 5: kwa volti 12 hizo ni wati 60, sawa na balbu ya taa ya mbele iliyowashwa ndani ya kile chuma usiku kucha. Kwa saa 8 zimeondoka ampea-saa 40. Betri ndogo imekwisha.

Ndizi_Kiwira: Hesabu nimeikubali. Huo waya bado.

Waya_Mwekundu: Huo ni hatari kuliko alteneta. Shaba tatu zilizosokotwa hazikatiki kama fyuzi ya ampea 120. Kitakachoanza kuungua ni kebo ya gari, na moto utaanzia chini ya boneti. Fanya hivi usiku huu. Toa hasi ya betri kwanza, kisha waya wako. Fungua kebo nene kwenye alteneta, chomoa na soketi yake ndogo. Mita iweke kwenye alama ya dayodi: nyekundu kwenye mwili wa alteneta, nyeusi kwenye ile nguzo ya kebo. Nzima inasoma karibu 0.8 hadi 1.0. Badili ncha: isisome kitu. Ikilia pande zote mbili, dayodi zimekufa, na kaboni unazozitaka hazitaleta tofauti.

Kijana_Uyole: Basi nilikuwa sahihi kununua alteneta.

Waya_Mwekundu: Umepatia kwa bahati. Kabla ya kumalizia hela, ipime hiyo ya mtumba vilevile hapohapo dukani. Linganisha pini za soketi, matundu ya boliti na mifereji ya puli. Zungusha puli kwa mkono: ikikwaruza, beringi zimechoka. Fyuzi nunua ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye iliyokatika, usiongeze hata 20. Kagua na fyuzi ndogo zote. Ukishafunga, washa gari na taa: ukiona 14 na kitu, umepona.

Kijana_Uyole: Nimepima. Inalia pande zote mbili. Mwanjelwa naenda asubuhi na mita. Ila nikikosa fyuzi, waya si utanifikisha Tukuyu mara moja tu? Nitazima redio.

MamaViazi_Isyonje: Stendi ya Nanenane kuna Kosta, mwanangu.

Ndizi_Kiwira: Nauli nakuchangia.